Ukurasa wa Kazi Zote

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wa Kondele wote matope. Nilifika ofisini wa kwanza, nikakalia kile kiti cha ofisi cha kuzunguka, chenye magurudumu, kabla Zadock hajakikalia. Wiki imeanza vyema.

Iandikwe hapa, maana kwingine haitaandikwa: kampuni hii ya mazishi inasimama kwa sababu yangu mimi, Frankline, mratibu. Zadock naye anaitwa mratibu, lakini ni mratibu wa miguu. Hupanda pikipiki mpaka kwa wafiwa, hukaa nao, hunywa chai yao, hurudi na matope hadi magotini. Mimi huratibu kwa kichwa.

Madam Beldina, mwenye kampuni, ametangaza kwamba Jumatatu ijayo atachagua msimamizi wa shughuli zote. Mmoja kati yetu wawili. Alisema atatazama kazi zetu kwenye mfumo. Nilitabasamu. Zadock aliuliza kama mvua itafika Ahero.

Mfumo ni ile programu ya kompyuta aliyoileta Madam mwezi wa kwanza. Kila mazishi ni mradi. Ndani ya kila mradi kuna kazi: jeneza, tenti, viti, spika, gari la maiti. Ukimaliza kazi unaweka tiki, mstari unageuka kijani. Ukichelewa, mwekundu. Zadock alisema siku ile kwamba marehemu si mradi. Nilimwambia mawazo kama hayo ndiyo huzuia watu kupanda cheo.

Wiki hii miradi mitatu. Mwalimu mmoja wa Ahero, huyo ni wa Zadock. Rosa, mke wa Mzee Dalmas, kwao Seme karibu na Kombewa. Na Okinyi, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kibuye, kwao pia Seme, ng'ambo ya bonde kutoka kwa Mzee Dalmas. Wote watatoka mochari Ijumaa, wazikwe Jumamosi.

Mchana akaja mama yake Okinyi. Mama Perez. Mdogo wa mwili, leso ya mabegani imelowa, viatu mkononi. Hakuuliza jeneza ni la mti gani. Alikuwa na ombi moja tu. Mwanawe hakuwahi kujenga nyumbani. Kila Disemba alisema Disemba ijayo. Sasa anarudi, na mwanamume mzima hawezi kulazwa kwa nyumba ya mama yake, hata akiwa maiti. Lazima awe na yake. Hata ya mabati, hata chumba kimoja. Alale humo usiku wake wa mwisho, azikwe kando yake.

Alinishika mkono akasema, "Nyathina, mtoto wangu asisimame langoni kama mgeni."

Jamani! Nyathina maana yake mwanangu, na hakuna aliyeniita hivyo ofisini tangu niajiriwe. Nilimwahidi. Niliapa. Alipoondoka nikaandika kwenye mradi wa Okinyi, kazi: Nyumba. Maelezo: mabati mapya, chumba kimoja, mlango uelekee lango, iwe tayari kabla ya Ijumaa. Mwenye kazi: Frankline. Kazi nzito kama hii itaonekana vizuri machoni pa Madam.

Jumanne, 10 Juni

Uvumbuzi mkubwa!

Siku zote nimekuwa nikifungua mradi mmoja, naufunga, nafungua mwingine. Leo nimegundua pembeni kuna ukurasa unaoitwa Kazi Zote. Ukiubonyeza, kazi za miradi yote zinakuja pamoja. Na unaweza kuchuja! Kwa jina la mtu. Kwa rangi. Kwa aina ya kazi. Mazishi yote ya Nyanza kwenye skrini moja, na mimi juu yake.

Nikachuja kazi za Zadock zilizochelewa. Nyekundu kutoka juu hadi chini. Kumbe hufanya kazi kisha husahau kuweka tiki. Kosa lake. Nikachuja kazi zangu zilizokamilika. Kijani tupu. Nikaweka picha hizo mbili kando kwa kando, nikaziita Hali Halisi.

Tatizo dogo. Safu ya jina la mradi ilionyesha kwamba kijani changu karibu chote ni cha mazishi ya mjomba wangu mwezi wa pili, ambapo kazi walifanya binamu zangu. Nikaiondoa safu hiyo. Skrini ikapumua. Kazi zilibaki na majina yake tu: Viti, Viti, Viti. Tenti, Tenti. Nyumba, Nyumba.

Nyumba mara mbili? Nilitazama vizuri. Moja yangu, ya jana. Nyingine ya Zadock! Nikaelewa mara moja. Ameona kazi yangu nzuri, akainakili ajipatie sifa. Mjanja, ameshaiwekea ramani ya mahali na namba ya Fundi Waswa. Lakini kwenye maelezo kaandika maneno mawili tu: ukuta tu. Nyumba gani ya ukuta tu? Marehemu atanyeshewa?

Nilifanya lililo haki. Nilichukua maelezo yangu nikayabandika kwenye mstari wa Zadock, palipo na ramani na fundi. Nikatoa jina lake, nikaweka langu. Kisha nikaufuta mstari wangu wa zamani, kwa kuwa nyumba moja haihitaji mistari miwili. Nikabonyeza tuma, maelezo yakaenda kwa fundi.

Madam alipita, akaona skrini, akasema ni nadhifu. Nadhifu! Ndilo neno alilotumia. Zadock hakuwepo, yuko Ahero tangu asubuhi. Nilikizungusha kiti mara kadhaa.

Jumatano, 11 Juni

Waswa amepiga simu kutoka Seme. Ni mtu wa Bungoma, mcheshi, nyundo yake hailali. Alisema amefika pale ramani ilipomwelekeza, amekuta boma la watu wema, amepewa uji, ameanza kusimamisha nguzo. Akauliza kama ile kazi ya kukandika ukuta aliyoambiwa na Zadock bado ipo. Nilimwambia afuate mfumo. Akasema sawa bosi. Bosi!

Jioni ametuma picha. Nyumba imesimama! Mabati yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Mlango umeelekea lango, kama nilivyoagiza. Nyuma yake kuna nyumba kubwa ya zamani ambayo ukuta wake wa mbele umemomonyoka kwa mvua. Nadhani ni ya jirani. Kuna wanawake watatu wanaitazama nyumba mpya, mikono vichwani. Wameguswa.

Nimeweka tiki. Kijani. Nimefikiria uso wa Mama Perez. Nimefikiria pia mlango wa ofisi ya msimamizi mkuu, na jina langu juu yake.

Zadock alipiga simu kutoka Ahero, sauti inakatika. Aliuliza mbona kazi yake ya nyumba haionekani kwenye simu yake. Nilimwambia imekamilika. Aliuliza ukuta umekandikwa vizuri. Nilimwambia kuna kuta nne na paa, na kwamba wivu haufai wakati wa matanga. Mtandao ukakatika, au alikata yeye.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya ajabu. Simu kutoka kwa Mzee Dalmas, mume wa marehemu Rosa. Mzee wa heshima, sauti ya chini. Kuna fujo bomani kwake. Ndugu za Rosa wamefika kuomboleza dada yao, wakakuta nyumba mpya ndani ya boma. Kwa Wajaluo, mwanamume akiongeza nyumba bomani haulizwi ni ya nini. Ni ya mke anayekuja. Na Rosa bado yuko mochari! Shemeji zake wameketi nje ya lango, wamekataa kuingia, wamekataa chakula, hata maji. Mmoja ametupa kofia yake chini.

Nilimuuliza Mzee nani amejenga nyumba hiyo. Akasema hajui. Alidhani ni wanawe wameandalia wageni. Wanawe nao walidhani ni yeye, wakaona aibu kumuuliza, wamekuwa wakimkwepa tangu jana. Mzee alisema amelia kwa ajili ya mke, sasa analia pia kwa ajili ya watoto wanaomwona mbaya.

Nilimpa pole sana. Nilimweleza kwa upole kwamba kampuni yetu haijiingizi katika mambo ya ukoo. Mzee mwenye umri ule! Lakini moyo wa mtu ni kichaka. Nikaongeza kazi mpya kwenye mfumo: Kutuliza shemeji. Mwenye kazi: Zadock.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa na matope hadi magotini.

Tuliondoka mochari na mwili wa Okinyi mapema, mimi mbele na dereva, Mama Perez nyuma na jeneza. Njia nzima hakulia. Alikuwa akimweleza mwanawe tunapopita. Sasa Kisian. Sasa tumeacha lami. Pale ulianguka na baiskeli. Tulipokaribia alimwambia nyumba yako iko tayari, na mimi nikajiweka sawa kitini kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Gari likasimama langoni. Hakukuwa na nyumba.

Kulikuwa na mahali pa nyumba. Mama alikuwa amepafagia mwenyewe kabla ya kuja mjini, akachomeka vijiti vinne kwenye pembe. Vijiti vilikuwa pale pale. Kuku alikuwa anadonoa katikati.

Nilimpigia Waswa. Yuko wapi? Nyumba iko wapi? Alisema bosi, nyumba ipo, hata ulipo unaweza kuiona. Nikageuka. Ng'ambo ya bonde, katika boma la Mzee Dalmas, paa jipya lilikuwa linang'aa juani.

Ndipo nikaelewa. Shemeji langoni. Ukuta tu. Ramani ya Zadock. Rosa alikuwa na nyumba, ukuta wake ndio ulibomoka. Mistari ilikuwa miwili kwa sababu marehemu walikuwa wawili, nami nilikuwa nimeficha majina yao. Nilitamani kuingia ndani ya lile gari nilale pale kando ya Okinyi.

Nilipendekeza mwili upumzike sebuleni kwa mama. Wazee wakanitazama. Nilipendekeza tenti. Mzee mmoja akaniuliza kama mimi ni Mjaluo kweli. Nikasema kwetu Nyakach. Akasema basi anawapa pole watu wa Nyakach. Nikamtuma Waswa akaibomoe ile nyumba ailete. Akarudi mikono mitupu. Wazee wa kule wamekataa. Boma lina matanga, mwenye boma ana huzuni, hakuna mtu wa kuja kung'oa nguzo ndani yake.

Dereva akazima injini. Okinyi akabaki langoni, nje ya kwao, na mama yake akaketi chini kando ya gurudumu. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alikuwa anapapasa tope la gurudumu kwa kidole, analitoa kidogo kidogo.

Nilitoa simu nibadilishe jina la mwenye kazi liwe Zadock. Naandika ukweli, kwa kuwa hiki kitabu hakisomwi na mtu. Mtandao haukuwepo.

Zadock mwenyewe akatokea. Dereva alikuwa amempigia. Alikuwa ameshamlaza mwalimu wa Ahero nyumbani kwake, akaja na pikapu, nguzo za tenti nyuma. Hakuniuliza kitu. Alimwinamia mama, wakasalimiana kwa Kijaluo polepole, kisha akavua koti. Waswa akaanza kuchimba. Majirani wakaja. Mmoja na bati la banda la kuku. Mwingine na mlingoti wa antena. Bado paa halikutosha, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mama Perez akainuka, akaenda nyuma ya nyumba yake, tukasikia kelele ya misumari. Akarudi amebeba mabati kichwani, meusi kwa moshi. Ya jiko lake. Alikuwa ameliezua.

Mimi nilipewa nguzo ya kona nishike isiegemee. Niliishika muda wote. Hakuna aliyenipa kazi nyingine.

Mlango haukuwepo. Tukatundika leso ya mama. Mvua ilipoanza kudondoka Okinyi alikuwa ameshaingia kwake. Watu wakaimba. Nililia bila aibu, nikiwa bado nimeshika ile nguzo, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niiachilie.

Mama Perez akaja kuniambia niiachilie. Akanishika mkono, mkono ule ule wa Jumatatu. Aliniuliza kama mimi nina nyumba kwetu. Nikasema bado. Akauliza lini. Nikasema Disemba.

Akaniachilia mkono. "Hata yeye," akasema.

Jumamosi, 14 Juni

Tulimzika Okinyi asubuhi, kando ya nyumba yake. Ile nyumba imeinama kidogo upande wa nguzo yangu. Hakuna aliyelitaja hilo. Watu walikula ugali uliopikwa chini ya mwavuli.

Kisha Madam Beldina, ambaye amekuja mwenyewe kutoka mjini na hajanisemesha, akaninyooshea kidole kuelekea ng'ambo ya bonde. Nikaenda kwa miguu, Waswa akanifuata. Shemeji za Mzee Dalmas bado langoni. Rosa alikuwa ndani ya nyumba yake, ukuta bado haujakandikwa, na ndugu zake hawajamwona.

Nilieleza. Nilieleza ukurasa wa Kazi Zote, na kuchuja, na safu niliyoiondoa. Walisikiliza mpaka mwisho. Yule wa kofia akauliza tena kwa utulivu: yaani dada yake na kijana wa ng'ambo walikuwa wameandikwa neno moja, bila majina? Nikasema ndiyo. Na mtu mzima, aliyesoma, akaona ni kitu kimoja? Nikasema ndiyo. Wakatazamana. Yule mkubwa akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka, kisha likageuka kilio, na wote wakainuka wakaingia bomani wakilia jina la dada yao. Walimkumbatia Mzee Dalmas. Wanawe wakaja wakasimama karibu naye, wakiangalia chini.

Nilimwambia Mzee tutaing'oa nyumba baada ya mazishi. Alikataa. Alisema iache. Katika nyumba ya Rosa hawezi kuketi peke yake kwa sasa. Ataketi mchana kwenye mlango wa hii, aitazame ya Rosa kutoka pale.

Waswa, kando yangu, alivua kofia.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Mhubiri alinena juu ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Nilitoka nje kidogo.

Mama yangu amepiga simu kutoka Nyakach. Habari zimeshafika huko, kama nilivyohofia. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nimekula, halafu akasema sehemu yangu ya kujenga kule nyumbani imeota majani, akauliza kama aifagie. Nilimwambia asijisumbue, Disemba si mbali. Akasema sawa, Baba.

Nimeamua kubadilika. Kabisa.

Jumatatu, 16 Juni

Zadock ndiye msimamizi. Madam alisema kwa sentensi moja, bila kuketi. Akaongeza kwamba kuanzia leo kila mstari kwenye mfumo utaonyesha jina la marehemu, na atakayeliondoa ataondoka nalo. Kiti cha magurudumu kimehamia upande wa pili. Zadock hajakikalia. Amekiwekea koti.

Amri yake ya kwanza: jiko la Mama Perez liezekwe leo. Nilikubali kwa moyo wote. Nikafungua mfumo, nikaunda kazi, nikaandika maelezo kamili, nikachagua rangi, nikatafuta ramani sahihi. Nilikuwa nahakiki jina la marehemu kwa mara ya pili Zadock aliporudi kutoka Seme na Waswa, wamelowa, wameshaezeka. Mama amewapa samaki wa kukaanga. Alituma salamu kwangu, na kipande kimoja, kimefungwa kwa karatasi. Nimekila polepole. Kisha nikaweka tiki kwenye ile kazi. Mwenye kazi: Frankline. Kijani.

Yale maneno ya Mama Perez ya Ijumaa, "Hata yeye," hayajanitoka. Kwa hiyo leo, kabla ya kufunga ofisi, nimefanya jambo zito. Nimeandika kazi yangu mwenyewe. Nyumba yangu, Nyakach. Chumba kimoja, mlango uelekee lango. Sikujua niiweke kwenye mradi gani, maana mimi sijafa, nikaiacha bila mradi. Tarehe nilitaka kuweka Disemba. Vidole vikateleza, au niseme ukweli, vikaenda vyenyewe: Disemba ya mwaka jana, ile niliyomwahidi mama yangu kwanza. Mstari ukawa mwekundu hapo hapo. Nikaona niuache hivyo, uniume kila siku.

Lakini uko juu kabisa ya ukurasa! Peke yake, mwekundu, juu ya kijani changu chote. Mtu akipita atadhani mimi ni mzembe. Madam amesema tusiondoe majina ya marehemu. Hakusema lolote kuhusu walio hai.

Nimechuja. Kazi zisizo na mradi zisionekane. Mstari umetoweka, na skrini sasa ni nadhifu sana.